Mwalimu wa Kiti cha Kushoto

Wanaume wa Lemara bado wanamsifu. Pita mgahawani kwangu Jumapili yoyote yenye mbio za magari, saa kumi jioni, utawasikia wakisema angekuwepo Mwalimu angelimaliza hili, Mwalimu asingekubali upuuzi kama huu. Amehamia Nduruma kwa mwanawe, analima vitunguu, na kiti chake mbele ya runinga hakuna anayekikalia, utadhani ni cha askofu. Wacha wamsifu. Mimi nilimpikia mtori wa ndizi kwa miaka tisa, na ya kwangu nitayasema.

Alikuwa mwalimu wa udereva. Kabila lake, ukoo wake na mahali alipozaliwa havitatusaidia kitu hapa. Inatosha kujua kwamba kwa miaka ishirini na kitu alikaa kiti cha kushoto cha gari dogo lenye kibao cha L juu ya paa, akiwa na pedeli zake mwenyewe miguuni, na kwamba nusu ya watu wanaoendesha magari katika mji huu wamepita mikononi mwake. Nusu nyingine, alisema yeye, ndiyo inayogonga watu. Nami nilikuwa mwanafunzi wake kwa wiki tano. Katika wiki ya tano lilitokea jambo, na kuhusu jambo hilo kulikuwa na swali ambalo mtu mmoja tu duniani, nilivyoamini, alikuwa na jibu lake. Mtu huyo alikuja kila Jumapili kuagiza mtori wangu na kunipa kisogo. Nitalifikia.

Kwanza niwaeleze hizi mbio, maana wapo wenye bahati ambao hawajawahi kuziona. Magari yanazunguka njia moja kwa saa moja na nusu au zaidi, kisha yanasimama pale pale yalipoanzia. Hayabebi abiria wala mkungu wa ndizi. Na watu wazima, wenye wake na mashamba na vyeo kanisani, wanakaa kuyatazama wakigombana hadi mate yanawaruka, ilhali hakuna hata mmoja aliyewahi kuligusa gari la namna hiyo. Wengi wao hawana hata pikipiki. Kuna mwaka walinuniana miezi miwili kwa sababu ya tairi lililobadilishwa mapema katika nchi ambayo hawawezi kukuonyesha kwenye ramani.

Majina ya madereva wale siyawezi, nao wanaume wetu walikuwa hawayawezi vizuri, kwa hiyo ukumbi wangu uliwabatiza upya. Mkongwe mwenye gari jeupe walimwita Babu. Kijana mwenye gari la kijani, aliyekuwa akimfukuzia Babu ubingwa kila msimu, walimwita Dogo. Upande wa Babu ulikaa kulia, karibu na jiko. Upande wa Dogo ulikaa dirishani, na mkuu wao alikuwa Elibariki, mwenye duka la vipuri hapo jirani, mtu anayeongea kama analipwa kwa neno. Katikati, chini kabisa ya runinga, peke yake, alikaa Mwalimu.

Yeye alikuwa wa Babu, na hakulificha. Lakini hakuwa mshabiki wa kawaida wa kupiga makofi. Alikuja na fomu. Zile fomu za shule yake, za kumpimia mwanafunzi kabla hajapelekwa kwa trafiki, alizikunja mfukoni mwa koti, na kila mbio alijaza moja kwa ajili ya Babu na moja kwa ajili ya Dogo. Kuangalia vioo. Kutoa ishara. Matumizi ya klachi. Utulivu. Heshima kwa watumiaji wengine wa barabara. Mbio zikiisha, ukumbi mzima ulinyamaza, naye akasimama, akavaa miwani, akasoma alama. Nakumbuka siku Dogo alipotwaa ubingwa, ulimwengu unampigia tarumbeta, anamwagiwa pombe kichwani, na hapa Lemara anasomewa alama thelathini na nane kwa mia. Kwenye kutoa ishara alipata sifuri. Elibariki akauliza, atatoaje ishara na gari lenyewe halina indiketa? Mwalimu akamjibu kwamba mkono anao.

Watu wakavunjika mbavu, lakini yeye hakuwa anatania, na hapo ndipo ninapomshangaa hadi leo. Aliamini kabisa kwamba bingwa wa dunia, akiletwa Arusha na kupewa lile gari dogo lenye kibao, angefeli mtihani wa kupaki.

Misemo yake imebaki midomoni mwa watu. Anayekimbia sana, alisema, alichelewa kuondoka nyumbani. Wakimwambia kwamba hawa wote wameondoka pamoja, tena kwa bendera, alisema basi wote walichelewa kulala. Alisema kona haina ujanja, ina adabu. Alisema dereva mzuri ni yule ambaye abiria wake amelala usingizi, na mtu akamkumbusha kwamba magari yale yana kiti kimoja tu, akasema ndiyo maana. Debe tupu haliachi kuvuma, tunajua, lakini debe hili lilikuwa na fomu zenye muhuri, na watu wetu wakiona muhuri huvua kofia.

Ila msemo wake mkubwa ulikuwa huu: gari halina kosa. Ubishi wote wa mashabiki wa mbio, kama hamjui, ni mmoja tu, mengine ni majani. Ni gari au ni dereva? Dogo akishinda, watu wa Babu husema amepewa gari zuri, hata mama yangu angeshinda nalo. Babu akishinda, watu wa Dogo husema hivyo hivyo na kumtaja mama mwingine. Wanaweza kuuzungusha ubishi huo kuanzia mzunguko wa kwanza hadi nimeanza kufagia miguuni mwao. Mwalimu aliukata kwa maneno matatu. Hakukubali matairi, hakukubali mvua, hakukubali injini. Hata Babu wake mwenyewe akishindwa hakumtafutia kisingizio. Gari ni chuma, alisema, chuma hakina nia, mwenye nia ndiye mwenye kosa.

Sifa ya msemo huo ilitokana na mchungaji wetu. Jumapili moja baada ya ibada, mnada wa sadaka umekwisha, mchungaji alipakia mikungu aliyonunuliwa na wazee kama zawadi, akawasha gari, likakohoa likazima. Akawasha tena, likazima. Wazee wa kanisa wakafungua boneti, wakaanza kusema ni plagi, ni betri, ni waya. Mwalimu alipita na Biblia yake kwapani, hakusimama hata. Akasema kwa sauti ya kusikika na usharika wote kwamba gari halina kosa, mchungaji hajaweka mafuta. Wakaangalia. Tangi kavu. Tangu siku hiyo neno lake likawa amri, na mchungaji akawa anapitia njia ya nyuma.

Sasa mganga hajigangi. Mtu huyu aliyewapa mabingwa wa dunia thelathini na nane kwa mia alikuwa haendeshi gari. Leseni alikuwa nayo, ya zamani kabisa, nimeiona. Lakini kuja kwangu alikuja kwa miguu, kurudi alirudi kwa miguu, na gari la shule asubuhi lililetwa na fundi na jioni lilirudishwa na mwanafunzi. Nilimuuliza siku moja, kabla hatujaharibikiana, kwa nini haendeshi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nikikaa kulia, mama, nani atakaa kushoto anisahihishe?"

Nilicheka siku ile. Nilidhani ni unyenyekevu. Baadaye nilielewa kwamba ni kinyume chake: alikuwa amezoea mno kukaa upande usiolaumiwa.

Haki yake nimpe, maana sitaki kuambiwa nina roho mbaya tu. Ndani ya gari alikuwa mtu mwingine. Ile sauti ya ukumbini aliiacha nje ya mlango. Wanawake waliotetemeka mikono kwenye usukani aliwaambia taratibu, gari halina haraka, haraka unayo wewe. Alibeba machungwa kwenye mfuko, na mwanafunzi akikaribia kulia alimsimamisha pembeni, akamenya chungwa, wakala kimya, kisha wakaendelea. Mjane mmoja wa usharika wetu alifundishwa miezi minne bila kukatiwa tamaa na leo anaendesha gari la wagonjwa. Hiyo ni kweli na sitaifuta. Lakini mguu wake ulipokuwa chini ya meza yangu, ulikanyaga breki isiyokuwepo kwenye kila kona ya mbio hadi kigae kikapasuka, na hakuwahi kuomba radhi kwa kigae.

Mimi nilitaka kujifunza kwa sababu ya ndizi. Mgahawa ulikuwa umekua, mtori unapendwa, na nilichoka kumtegemea mtu wa kunichukulia mikungu kule Makumira, ambaye alileta aliyotaka saa aliyotaka. Nikanunua pikapu iliyotumika, nikaiegesha uani, nikajiandikisha kwa Mwalimu. Mimi na yeye tulielewana. Wiki ya nne aliniambia nina mguu mwepesi, kitu ambacho yeye alikisema kwa watu wachache sana.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kama saa tano asubuhi. Tulikuwa kwenye ile barabara ya vumbi yenye mteremko nyuma ya shule ya msingi, nafanya rivasi. Ni zoezi la kila siku: unapanda, unasimama, unarudi nyuma taratibu hadi kwenye nguzo, unasimama. Nilikuwa nimelifanya mara kumi. Nyuma ya nguzo, pembeni, alikuwa amekaa Mama Anaeli, Mmeru anayeteremka kutoka juu ya Makumira na parachichi zake, ameshazoea kutuona. Nikaanza kurudi. Mwalimu akasema simama. Mguu wangu ulishuka, hilo nalikumbuka mpaka kesho. Gari halikusimama. Lilipita nguzo, likamkuta Mama Anaeli kwenye gunia lake, likamvunja mguu wa kushoto mahali pawili, na likasimama lilipogonga ukuta.

Neno la kwanza nililolisikia, kabla hata ya kilio cha yule mama, lilikuwa la Mwalimu.

"Umekanyaga mafuta."

Mguu wangu ulishuka, lakini ulishukia nini? Hilo ndilo swali langu. Nilikuwa nimegeuza shingo naangalia nyuma kama nilivyofundishwa. Miguu yangu sikuiona. Aliyeiona ni mmoja, aliyekaa kushoto, ambaye kazi yake ilikuwa kuiangalia. Akasema mafuta. Akamwambia hivyo trafiki aliyekuja, na kwamba ilikuwa ghafla mno, breki yake mwenyewe haikuwahi, nami nikasema ndiyo, basi itakuwa hivyo, nikaweka sahihi. Hospitali ilishughulikiwa na bima ya shule. Mimi sikushtakiwa, nilikuwa mwanafunzi.

Ningeweza kuishi na hayo. Lakini Jumapili yake palikuwa na mbio, na mimi nilifungua mgahawa kwa sababu watoto wanakula kila siku. Nikiwa natoka jikoni na sinia la nyama, nikamsikia Elibariki akiuliza, haya Mwalimu, tumesikia ya Alhamisi, ilikuwa gari au dereva? Akauliza kwa utani. Nikasimama pale pale. Mwalimu angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mambo hayo tuyaache. Alivaa miwani, akatoa fomu mfukoni, fomu yenye jina langu, akaisoma. Vioo, nane. Klachi, saba. Utulivu, sita. Breki, sifuri. Kisha akasema maneno yake matatu, na ukumbi ukacheka, upande wa Babu na upande wa Dogo, mara ya kwanza wamekubaliana. Kuanzia siku hiyo mimi, Mama Haika, nikaitwa Mama Rivasi. Watoto wa shule waliniita hivyo barabarani.

Sikukaa tena nyuma ya usukani. Pikapu ilitagiwa mayai na kuku mwaka mzima, halafu nikaiuza. Kanisani, wakati wa mahubiri, nilijikuta nausogeza mguu wangu wa kulia chini ya benchi, nashusha, napandisha, nautafuta ule mshuko wa siku ile, kama ulikwenda katikati kwenye breki au ulikwenda kulia kwenye mafuta. Hakuna mahubiri niliyoyasikia vizuri kwa miaka saba.

Mama Anaeli alipona, ila mguu ulibaki mfupi. Nilimwendea hospitali kila siku, nikampelekea uji na loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na alipoanza kutembea nikamwambia asikae tena juani. Kila Jumamosi aniletee mimi, nitanunua parachichi zote. Na nilizinunua. Wateja wangu wamekula parachichi na kila kitu, hata na mtori, wakadhani ni mapishi mapya. Saa nne kamili anaingia kwa mlango wa nyuma na ndoo yake, anachechemea, nami kila nikisikia hatua zile mbili zisizolingana nilihisi nimeandikiwa sifuri upya. Tulizungumza mvua, kahawa, watoto. Siku ile hatukuizungumza kamwe. Niliona aibu kumgusia.

Mtaniuliza kwa nini basi sikumfukuza Mwalimu. Watu waliniuliza. Niliwajibu kwamba biashara haina kisasi, nikawaacha waone nina busara. Ukweli ni kwamba nilimhitaji. Nilidhani iko siku moja, katikati ya ubishi wao, atateleza aseme neno. Mara tatu nilimfuata peke yake, nikamsalimu shikamoo, nikamuuliza kwa upole kabisa: Mwalimu, una uhakika? Mara zote tatu alijibu kwamba yeye ameona miguu zaidi ya elfu na mguu haumdanganyi. Nikampa kisogo nami, nikaenda kumkaangia ndizi. Nilimchukia, na nilihakikisha chakula chake hakikosi chumvi, kwa sababu sikutaka apate sababu ya kwenda kula kwingine.

Mwaka jana, katikati ya msimu, Babu alikwenda moja kwa moja. Nasema moja kwa moja kwa sababu palikuwa na kona, magari yote yakakata, lile jeupe halikukata. Lilivuka mchanga, likaingia kwenye ukuta wa matairi, likatulia. Babu akatoka mzima, akakaa chini na kofia yake kichwani. Ukumbi ukalipuka. Elibariki na wa dirishani wakasema mzee amekwisha, aende akalee wajukuu, macho hayaoni tena kona. Wa upande wa jiko wakasema breki, breki zimekataa, tazameni alivyokwenda. Wote wakamgeukia Mwalimu. Mtu wake huyo, ameumbuka mbele ya dunia nzima. Naye, nimpe na hili, hakumwonea huruma. Alisema gari halina kosa, akaandika sifuri.

Mbio zikaisha, tukamwona mkuu wa timu ya Babu akizungumza na watangazaji, uso umemshuka. Elibariki, ambaye Kiingereza anakijua, akapandisha sauti ya runinga, akawa anatufasiria. Mkuu yule alisema zilikuwa breki. Alisema asubuhi mafundi waliona dalili, wakadhani zitahimili, wakamwachia dereva aende. Alisema Babu alikanyaga, vipimo vyao vinaonyesha alikanyaga mapema kabisa, na kwamba yeye mkuu anamwomba radhi hadharani, kwa kuwa saa nzima watu wamemsema vibaya.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile mgahawani kwangu. Miaka yote ya fomu na mihuri ilimrudia Mwalimu siku moja. Waliimba. Elibariki alipanda juu ya kiti, akajifanya amevaa miwani, akamsomea Mwalimu alama zake. Ningefurahi, kwa kweli nilijiandaa kufurahi, nikatoka jikoni nafuta mikono ili niyaone vizuri. Lakini niliuona uso wake. Hakuwa na hasira wala haya. Alikuwa ananiangalia mimi. Kisha akaiacha fomu mezani, haikusomwa, akatoka, na bakuli la mtori likabaki limejaa.

Mbio mbili zikapita, hakuja. Kisha ukaja Agosti, wale watu wa mbio huenda likizo, na ukumbi wangu huwa mtulivu kama kanisa siku ya Jumatano. Jumamosi moja, kama saa tatu na nusu asubuhi, nakata vitunguu jikoni, nikaona kivuli mlangoni. Alikuwa amepungua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kiti, akashika kizingiti kwa mkono mmoja.

"Ulikanyaga breki, mama," alisema. "Nilikuona. Na mimi nilikanyaga ya kwangu. Zote mbili zilikwenda mpaka chini."

Nilikuwa na kisu mkononi. Nikakiweka mezani, mbali, maana kwa miaka saba nilikuwa nimemwomba Mungu mambo mengi kuhusu mtu huyu na sikutaka yajibiwe yote kwa pamoja. Nikamuuliza kama alijua breki ni mbovu.

"Tangu Jumatatu pedeli ilikuwa inashuka. Fundi aliniambia ataitengeneza Ijumaa."

"Na sisi tulitoka Alhamisi."

"Tulitoka Alhamisi."

Akasema angesema kweli, yeye angefungwa, na shule ingefungwa, na pale walikuwa na walimu sita. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi hafungwi. Alipiga hesabu ile ndani ya gari, vumbi halijatulia, yule mama analia. Alilisema hilo kwa sauti yake ya ndani ya gari, ile ya taratibu. Akasema alidhani litapita baada ya wiki mbili. Na fomu, nikamuuliza, ile fomu uliyonisomea mbele ya watu? Akasema Elibariki aliuliza, na watu wote walikuwa wanamtazama.

Nitawaambia nilivyohisi. Nilidhani nikilipata jibu langu nitakuwa mwepesi. Nilihisi nimeibiwa. Jibu lilikuwepo muda wote, limekaa meza ya mbele, linakula mtori. Baadaye, alipokwisha kuhama, niliwaambia wanaume wale, na wakafanya jambo pekee wanalolijua: wakagawanyika. Wa upande wa jiko walisema ilikuwa gari. Wa dirishani walisema dereva mwenye kipaji angetumia handibreki. Wakaubishania mguu wangu hadi mbio zikaanza, halafu wakausahau. Mkuki kwa nguruwe.

Lakini siku ile sikuwa na haja na wanaume. Mwalimu alipomaliza, akasema amekuja kuniomba msamaha. Nikamwambia siwezi kumjibu kwanza, kuna mwenye mguu. Nikamvutia kigoda karibu na magunia ya viazi, nikamwambia akae, Mama Anaeli anaingia saa nne. Nikadhani atakimbia. Alikaa. Tukangoja robo saa, mimi nakata vitunguu, yeye kofia magotini.

Tukazisikia hatua zake uani. Mama Anaeli akaingia kwa mlango wa nyuma, akatua ndoo, akatusalimu. Alimtambua. Mwalimu akasimama na kumweleza yote, tangu Jumatatu ya pedeli hadi sahihi yangu kwa trafiki, bila kujipunguzia, hilo nakiri. Aliposema kwamba mimi nilikanyaga breki na yeye alijua, machozi yalimtoka. Mama Anaeli alimsikiliza akiwa anafuta parachichi kwa ncha ya kitenge, moja baada ya moja.

"Mimi hiyo naijua," alisema. "Taa zile nyekundu za nyuma ya gari ziliwaka. Nikasema huyu mama amekanyaga breki, atasimama. Ndiyo maana sikukimbia."

Mwalimu alikaa tena kwenye kigoda bila kuangalia nyuma kama kipo. Mimi nilimuuliza Mama Anaeli, na sauti yangu sikuijua, kwa nini miaka saba, kila Jumamosi, tumesimama hapa mimi na yeye, hakuniambia.

"Hukuniuliza," alisema. "Wote mliniuliza kama naumwa."

Kisha akauliza parachichi za leo aziweke wapi.